Fuses (1964–1967): aibu ya filamu na aibu ya ukumbi

Tuseme mapema kilichomo, ili asiyekitaka aishie hapa. Fuses, filamu ya Mmarekani Carolee Schneemann, inaonyesha mwanamke na mwanamume wakifanya mapenzi. Hawaigizi. Viungo vyote vinaonekana, tena kwa karibu. Hakuna sauti tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna hadithi, hakuna mhusika mwenye jina. Mwanamke ni mtengenezaji mwenyewe, mwanamume ni mwenzake wa nyumbani, mtunzi wa muziki James Tenney, na shahidi ni paka wao Kitch, anayekaa dirishani kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi akakuta watu wana shughuli. Mtu akisoma hayo akaona si yake, basi si yake. Hadaiwi na yeyote.

Tunaipima hapa kwa macho ya Lubumbashi, mji wa Kongo wenye wachoraji na wapiga picha wake, na wenye biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu mwaka wa 2008. Filamu za majaribio si ugeni kwa watu wanaofuata mambo hayo. Hata hivyo, hii ikionyeshwa ovyo, viti vinaanza kuwa vitupu kabla ya dakika ya kumi, na neno linalosikika mlangoni ni moja: uchafu. Ndani ya neno hilo kuna aibu mbili zilizofungwa pamoja. Moja ni ya filamu yenyewe, imewekwa humo kwa makusudi, na inastahili kubishaniwa. Nyingine ni ya ukumbi: nakala mbovu, umeme uliokatika, kiti ulichopewa, mtu uliyekaa naye. Hii ya pili inarekebishika kwa kazi ya mikono, na ndiyo inayowafukuza watu wengi zaidi.

Kwanza ya filamu.

Schneemann alizaliwa Pennsylvania mwaka wa 1939 na alikuwa mchoraji kabla ya kushika kamera. Hilo lisisahaulike, maana utepe wa Fuses umefanyiwa kazi kwa mkono, kwa rangi na kwa sindano. Mwaka wa 1957 rafiki yao Stan Brakhage alikuwa ameshampiga picha yeye na Tenney katika filamu fupi Loving, na Schneemann hakujiona humo. Akaamua kujipiga mwenyewe, aangalie kama kinachobaki kwenye utepe kinafanana na kile mwili unachokijua. Wakati haukuwa rafiki: mwaka uleule wa 1964 alipoanza, polisi wa New York walimkamata Jonas Mekas, mtengenezaji filamu mwenzao, kwa kuonyesha filamu ya majaribio yenye miili uchi. Heshima ilichelewa sana. Biennale ya Venice ilimpa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake mwaka wa 2017, naye akafariki mwaka wa 2019.

Kamera zilikuwa Bolex za kuazima, za milimita 16, zinazoendeshwa kwa springi. Unazungusha ufunguo mpaka springi ikaze, unabonyeza, kamera inakwenda nusu dakika hivi, inasimama. Reli ndogo ya futi 100 inatoa dakika 2 na sekunde 46 kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba hakuna tendo linaloweza kufuatwa mwanzo hadi mwisho bila mtu kuinuka kitandani kwenda kuzungusha ufunguo. Kila kipande kilikuwa kifupi kwa lazima ya chuma, kabla mkasi haujaguswa.

Na mtu wa tatu hakuna. Kamera iliwekwa kwenye kiti, ikaning'inizwa, au ikashikwa na mmoja wao. Ndiyo maana vichwa vinakatwa, viwiko vinajaza picha, na mara nyingine huelewi unaangalia mgongo au tumbo. Hapa ndipo usumbufu wa kweli unapoanza. Filamu za porno, ambazo kila simu mjini inaweza kuzifikia, zina mtu wa tatu siku zote: mpiga picha anayejua unataka kuona nini na kukupangia pembe. Mtazamaji anakaa kwenye kiti cha mtu huyo, hana kazi ya kufanya. Katika Fuses kiti hicho hakipo. Unatafuta pa kusimama, unakuta paka. Anayesema filamu hii ni porno hajakosea kuhusu vilivyoonyeshwa, lakini ajiulize kwa nini porno haimfanyi atafute mlango.

Kisha utepe wenyewe. Filamu ni plastiki yenye utando wa jelatini, na rangi zimelala ndani ya jelatini hiyo kwa tabaka. Sindano ikipita kijuujuu inaondoa tabaka la juu na kuacha mstari wa rangi. Ikizama inafika kwenye plastiki tupu, na mwanga wa projekta unapita mweupe. Asidi inakula tabaka bila kufuata mstari wowote. Joto la oveni linaipasua jelatini na kuipandisha malengelenge. Schneemann alifanya yote hayo: alikwaruza, alipaka rangi, alitumia asidi, alioka, aliacha vipande nje vipigwe na mvua. Halafu akapishanisha picha juu ya picha na kubandika vipande mpaka utepe wa asili ukawa mnene, jambo ambalo mashine za kunakili hazilipendi kabisa, maana zimetengenezwa kupokea unene mmoja.

Chukua dakika moja ya katikati uone inavyofanya kazi. Paja linaanza kutambulika, rangi ya buluu inalifunika. Mikwaruzo inashuka, chini yake kuna mikono. Robo sekunde, yaani picha sita tu, ni dirisha na majani ya nje. Paka. Mwili tena, sasa mwekundu, umepinduka, na juu yake mwili mwingine uleule kutoka saa nyingine. Ghafla ufuo wa bahari, mwanamke anakimbilia maji. Jicho linakusanya, filamu inatawanya. Kila unapodhani sasa umepata unachokiangalia, kimefunikwa, na unapoacha kutafuta kinakuja wazi kabisa, bila onyo, kikubwa kuliko ukuta. Mchezo huo wa kunyimwa na kupewa kwa wakati usio wako unachosha kuliko uchi wenyewe. Watu wanaotoka wakiumwa kichwa hawasingizii. Picha zinazometameta namna hiyo zinachosha macho, na mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga asiiangalie kabisa.

Hukumu yetu kuhusu filamu yenyewe? Theluthi ya kwanza ni kazi kubwa. Katikati inajirudia: rangi ileile, dirisha lilelile, na mshangao umekwisha. Dakika kumi zingepunguzwa, hakuna ambacho kingepotea. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba filamu inajipenda. Kila kitu humo ni kizuri. Hakuna ugomvi, hakuna uchovu wa mtu aliyeshinda sokoni, hakuna hofu ya mimba. Kidonge cha uzazi kiliruhusiwa Marekani mwaka wa 1960, na faraja ya kizazi kilichokipata inaonekana katika kila picha. Mama wa mitaa yetu ya Kamalondo au Katuba mwenye watoto watano ana haki ya kuuliza: hawa wawili, nani anapika, nani anafua hayo mashuka? Swali hilo lina uzito kuliko lile la uchi, na filamu haina jibu.

Lakini ina kitu kimoja ambacho hapa kwetu hakiwezi kupitwa haraka. Kwa miaka mingi mwili wa mwanamke wa mashariki ya Kongo umeonyeshwa kwenye skrini za dunia kama jeraha, mahali pa vita, ushahidi wa mahakamani. Ushahidi huo ulihitajika na bado unahitajika. Ila kwa mtazamaji aliyezoea picha hizo, kuona mwanamke anayetaka, anayechagua, na ambaye baadaye ndiye aliyeshika mkasi kuamua kipi kibaki, kunavuruga kwa namna nyingine. Wengine watasema huko ni kutuletea starehe za wazungu. Wengine watanyamaza. Na wengine, waliopitia ukatili wenyewe, wanaweza kushindwa kukaa, kwa sababu mwili haungoji kichwa kieleze tofauti ya hiari na shuruti. Hao ndio wa kufikiriwa kwanza unapopanga viti, na tutarudi kwao.

Sasa ya ukumbi, na hapa tutakaa zaidi.

Mtu asidhani Lubumbashi iliuona mwili uchi jana. Katika miaka ya 1970 sebule nyingi za mji huu zilikuwa na picha ya mamba muntu ukutani, mwanamke wa maji mwenye mkia wa samaki, kifua wazi, nyoka, na mara nyingi saa mkononi. Wageni walikaa chini yake wakala bukari na sombe. Na mambo ya kitanda yalikuwa na shule yake: kwa Wabemba na majirani zao wa eneo hili la shaba, msichana alifundishwa kisunguni, yaani unyagoni, na mwalimu wa kike, nachimbusa, kwa nyimbo, ngoma na vinyago vya udongo. Huko mambo yalitajwa wazi. Mlango ulifungwa, na kila aliyekuwemo alijua kwa nini yumo na aliyekaa karibu naye ni nani kwake.

Ndicho kinachokosekana kwenye ukumbi wa sinema. Aibu ya hapa haikai kwenye picha peke yake, inakaa kati ya kiti na kiti. Baba na binti hawawezi kuangalia hiki pamoja. Mkwe na mama mkwe hata kuingia mlango mmoja ni shida. Mwanafunzi akikaa mbele ya profesa wake, dakika zote thelathini anasikiliza kisogo chake mwenyewe. Mwandaaji anayebandika tangazo lisemalo “filamu ya sanaa, wote karibuni” ameshaharibu kabla hajawasha projekta. Tangazo liseme wazi: matendo ya ngono ya kweli, kwa karibu, bila sauti, watu wa miaka 18 na zaidi, usije na mzazi, mkwe wala mchungaji wako. Watu watacheka, na watakuja wakiwa wamejipanga. Seansi mbili ni bora kuliko moja, ya kwanza ya wanawake peke yao, ya pili ya mchanganyiko.

Viti vipangwe na njia mbili za kutokea, pembeni zote mbili, na mlango uwe nyuma. Ukumbi ambao mlango wake uko karibu na skrini haufai, kwa sababu anayetoka anapita kwenye mwanga, kivuli chake kinaanguka juu ya picha, watu wanashangilia, na mwingine aliyetaka kutoka sasa anaogopa. Mlango usifungwe kwa ufunguo. Asimame mtu mmoja nje, ikiwezekana mama mtu mzima, mwenye maji na kiti, asiyeuliza mtu kwa nini ametoka. Kabla ya kuanza, mwandaaji aseme kwa Kiswahili chepesi nini kitaonekana na kwa muda gani. Dakika kumi zinatosha. Asihubiri kuhusu sanaa; aliyekwisha kulipa hahitaji kushawishiwa.

Simu ni hatari kuliko filamu. Kipande cha sekunde kumi kilichorekodiwa gizani, chenye vicheko na nyuso za watu waliokaa, kikiingia kwenye kundi la WhatsApp, hakuna atakayekumbuka neno majaribio. Bandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya lenzi ya kila simu mlangoni, mbele na nyuma. Asiyekubali arudishiwe hela yake.

Nakala. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa bila kujua. Fuses inasambazwa na Electronic Arts Intermix ya New York, na njia halali ni kukodi huko. Vipande vinavyozunguka kwenye intaneti vinaharibu filamu hii kuliko vinavyoharibu filamu nyingine yoyote, na sababu ni ya kiufundi kabisa. Video iliyobanwa haihifadhi kila picha nzima, inahifadhi kile kilichobadilika kutoka picha moja hadi nyingine. Katika mahojiano, ambako ni mdomo tu unaotembea, hilo linafaa. Katika Fuses kila picha inabadilika yote, mikwaruzo na rangi na mwili, kwa hiyo faili nyembamba inaishiwa nguvu na kugeuza kila kitu kuwa miraba. Faili ya dakika 30 yenye megabaiti 200 inabeba chini ya megabiti moja kwa sekunde. Unachoona hapo ni miili iliyofichwa na miraba, yaani kama vile imekaguliwa na mtu, na kazi ya mkono ya Schneemann imefutika. Mtazamaji anabaki na uchi bila uchoraji, na akiita porno huwezi kumbishia.

Omba faili ya megabiti 15 hadi 20 kwa sekunde. Kwa dakika 30 hiyo ya 20 inafika gigabaiti 4.5, na hapo flashi nyingi zinakataa, maana mfumo wa FAT32 haupokei faili inayofikia gigabaiti 4. Ifomati flashi kwa exFAT. Projekta za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo usichomeke flashi moja kwa moja kwenye projekta: nakili faili kwenye diski ya kompyuta, cheza kutoka hapo, kwa waya wa HDMI. Kucheza kutoka kwenye flashi yenyewe kunaleta kukwama, na filamu hii ikikwama inakwama mahali pabaya. Siku zote.

Umbo la picha ni la zamani, karibu 4 kwa 3. Kwenye menyu ya projekta, ambayo mara nyingi iko kwa Kifaransa, tafuta format d'image, acha 4:3 au auto. Ukiiacha 16:9, miili inanenepa na watu wanacheka kwa sababu isiyohusika. Rangi iwe cinéma, usiweke dynamique, ambayo inachoma nyekundu mpaka mikwaruzo isionekane. Kama unatumia televisheni kubwa, zima ule ulainishaji wa mwendo, kwani unabuni picha za katikati ambazo hazikuwepo na kumeza zile za robo sekunde.

Usishangae pia ukikuta urefu tofauti kwenye katalogi, kuanzia dakika 18 hadi 30. Mwendo wa projekta peke yake unabadilisha mengi: utepe unaochukua dakika 22 kwa picha 24 kwa sekunde unachukua zaidi ya 29 kwa picha 18. Muulize msambazaji nakala yake ni ya dakika ngapi, na uandike idadi hiyo kwenye tangazo. Mtu asiye na raha anavumilia vizuri zaidi akijua mwisho uko wapi.

Umeme. SNEL, shirika la umeme la nchi, ikikata katikati ya filamu ya kawaida, watu wananung'unika na kungoja. Ikikata katikati ya Fuses, giza linaingia pamoja na kicheko, mtu anapiga mluzi, na seansi imekufa. Ukiwasha tena unaonyesha kitu kingine. Tena projekta ya taa haiwaki papo hapo, kwa sababu feni imesimama taa ikiwa ya moto, na ukilazimisha unaweza kuipoteza. Jenereta si dawa. Filamu ni bubu, kwa hiyo jenereta ya ua wa nyuma inakuwa sauti yake, na ni sauti ya karakana. Bora betri. Projekta ya wati 300 na kompyuta ya wati 65 kwa nusu saa zinakula wati-saa 180 na kidogo. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1200. Hata ukitumia nusu tu ili usiiue, unabaki na 600, na upotevu wa konvateri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, umeingia humo. Konvateri iwe ya wati 800 au zaidi na ya wimbi safi, maana zile za bei rahisi zinafanya projekta nyingine zitoe mistari au zikatae kuwaka. Betri ichajiwe tangu usiku wa jana, na kila kitu kiunganishwe kwake tangu mwanzo. Usingoje umeme ukatike ndipo uhamishe waya.

Ukimya. Kila mwandaaji anajaribiwa kuweka muziki chini, rumba laini kidogo, ili watu wapumue. Asiweke. Rumba inaigeuza kuwa klipu, inawaambia watu wajisikieje, na inawapa mahali pa kujificha, wakati filamu ilitengenezwa ili pasiwepo. Fikiria kwamba mwanamume aliyemo alikuwa mtunzi wa muziki, na bado hakuna noti hata moja. Katika ukimya huo unasikia viti vinavyolia, kikohozi cha uongo, mtu anayemeza mate. Viti vya plastiki vinalia sana kwenye sakafu ya simenti. Vya mbao ni bora, au weka mkeka chini. Feni za dari zizimwe, na ndiyo sababu Oktoba, mwezi wa joto kali, si mwezi wa filamu hii. Juni na Julai zinafaa: usiku ni baridi, madirisha yanafungwa bila mtu kulalamika, na mvua haipigi mabati.

Giza nalo lipangwe. Anza saa kumi na mbili na nusu jioni, madirisha yakiwa yamefunikwa kwa plastiki nyeusi ya ujenzi. Dakika 10 za maelezo, 30 za filamu, 10 za kupumua nje, 40 za mazungumzo. Saa mbili usiku watu wanatoka na teksi bado zipo. Ukianza saa mbili, wanaotoka mapema watakuwa wametoka kwa ajili ya usafiri, na wewe utadhani ni kwa ajili ya filamu.

Sheria isichezewe. Kifungu cha 175 cha Code pénal, sheria ya jinai ya Kongo, kinamwadhibu anayeonyesha, kuuza au kusambaza picha zinazokiuka maadili mema: kifungo cha siku nane hadi mwaka mmoja na faini, au kimojawapo tu. Ipo pia tume ya kitaifa ya kukagua nyimbo na maonyesho. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba neno sanaa linafuta kifungu hicho, na mwandaaji anayetegemea hoja hiyo anategemea huruma ya hakimu. Seansi iwe ya mwaliko, kwa orodha ya majina, ndani ya taasisi iliyokubali kwa maandishi, na kadi ya uchaguzi au kitambulisho kingine kiangaliwe mlangoni. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2009, hata akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchoraji mwenye ndevu. Mwanasheria aulizwe kabla ya tangazo kutoka.

Kwa hiyo nani aende? Wanaofanya kazi ya picha waende bila kusitasita, hasa wachoraji na wanaohariri video, maana hakuna njia rahisi zaidi ya kuona utepe ukitendewa kama ukuta wa kupakwa rangi. Anayefuatilia mambo ya wanawake na kamera atapata mengi ya kukataa, na kukataa kwake kutakuwa na manufaa. Wapenzi wawili wanaotafuta jioni tamu wasiende. Watatoka wamechoka na wamenyamaziana. Anayekwenda kwa sababu amesikia ni ngono, atachukizwa na mikwaruzo kuliko mtu yeyote ukumbini. Aliyepitia ukatili aamue mwenyewe akiwa na taarifa kamili mkononi, akae pembeni karibu na mlango, na asihimizwe na rafiki.

Mazungumzo baada ya filamu yana ufundi wake. Ukiuliza “mmeionaje?”, mzee mmoja atasimama kulaani, wote watapiga makofi, na wanawake hawatasema neno. Uliza kitu chenye jibu dogo: ulipokuwa hutaki kuangalia, uliangalia wapi? Watajibu paka, dirisha, saa, mgongo wa jirani, mwanga wa projekta. Kutoka hapo watu wanaanza kueleza wenyewe ni kipi kilichowafanya wahamishe macho, na mara nyingi wanataja kasi, au ukimya, au fulani aliyekaa upande wa pili, kabla ya kufika kwenye viungo. Anayelaani naye apewe nafasi yake, ila si ya kwanza. Mwandaaji asiitetee filamu. Ina zaidi ya miaka hamsini, imeshatukanwa na watu wakali zaidi.

Dakika zikibaki, rudisha zile mbili za mwanzo, bila maelezo. Mara ya pili macho yanakwenda kwenye rangi. Kisha futa faili kwenye kompyuta ya ukumbi, na kwenye kikapu chake cha taka pia. Leseni ni ya seansi ulizolipia, na kompyuta hiyohiyo kesho asubuhi ni ya semina ya walimu wa shule za msingi.